Watu Sita Waliokuja Kutoa Pole

Walikuja sita, jioni ya siku ya nne, wakiwa wameoga na kuvaa mashati safi. Emerensiana aliwaona kupitia pazia la sebule wakiegesha pikipiki zao kando ya ukuta, moja moja, taratibu, kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto. Wa mbele alibeba kilo mbili za sukari. Wa pili alibeba miche ya sabuni. Wa mwisho hakubeba kitu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezungushiwa kitambaa cheupe kuanzia vidoleni hadi kwenye kifundo, na macho yake yalikuwa chini.

"Mama, ni wale," alisema Devotha, binti yake wa kidato cha tatu. Alikuwa ameshika kisu cha jikoni.

"Rudisha kisu. Bandika chai."

"Mama!"

"Nimesema bandika chai. Wamekuja kutoa pole."

Babati mgonjwa hapati nafasi ya kulala. Mtu akivunjika, nyumba yake inajaa. Anakuja jirani, anakuja fundi aliyemwezekea bati, anakuja mwenye duka anayemdai. Unaingia, unaweka mfuko wako karibu na mguu wa meza bila kuutaja, unakaa, unasema pole, unakunywa chai, unaondoka. Hakuna anayekatazwa. Emerensiana alikuwa ameishi mji ule miaka ishirini na mmoja na hakuwahi kuona mlango ukifungwa usoni mwa mtu aliyekuja na sukari. Lakini hakuwahi pia kusikia kwamba waliovunja mkono ndio wanaokuja kuupa pole.

Alijiweka sawa kwenye kochi, akaegemeza plasta ngumu ya mkono wa kushoto juu ya mto. Jicho moja lilikuwa bado limefumba. Ulimi wake ulizoea kwenda kwenye pengo la meno mawili ya mbele, na kila ulipofika pale alisikia tena sauti ya helmeti.

Alikuwa mtu wa Rombo. Alifika Babati akimfuata kaka yake aliyeuza mitumba sokoni, na kaka alipohama yeye akabaki. Aliuza mitumba, akauza maharage kwa debe, kisha akapika wali na maharage stendi kwa miaka minane. Mumewe alikwenda Mirerani kutafuta mawe, na mawe yakamtafuta yeye: shimo la mgodi lilimfukia mwaka Devotha alipoanza darasa la kwanza. Rambirambi iliyochangwa kanisani na stendi Emerensiana hakuila. Alinunua kiwanja Bagara, akajenga vyumba vitatu, tofali kwa tofali, na juu ya mlango akaandika kwa msumari tarehe aliyozikwa mume wake.

Katika ile miaka minane ya kupika alisikiliza madereva. Alisikia wanavyojisifu kwamba ukitoka juu ya Bonga kuja mjini huhitaji mafuta. Unaweka gia huru, gari linateremka lenyewe, wewe unagusa breki tu. Alisikia pia, mwaka hadi mwaka, nani breki zilimkataa na alizikwa wapi. Alipopata leseni akiwa na miaka thelathini na nane, akawa mwanamke wa kwanza kuendesha Noah ya abiria kwenye njia ile, hakuweka gia huru hata siku moja. Kwenye mteremko alishusha hadi mbili, injini ikaunguruma, abiria wakalalamika kwamba anachelewa. Madereva wakampa jina: Mama Gia. "Mama Gia, petroli unapewa bure?" walimpigia kelele wakimpita. Yeye aliwapungia mkono. "Nitakuja kwenye msiba wako na kilo ya mchele!"

Noah ilikuwa ya mkopo. Kampuni ilinunua gari, ikabaki na kadi yake, na juu ya kadi ikachukua hati ya kiwanja cha Bagara. Marejesho yalikuwa ya miezi thelathini na sita. Alikuwa amelipa kumi na tisa bila kuchelewa hata siku moja, na bima kubwa alikata kwa sababu kampuni ilimlazimisha.

Siku ya ajali ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa anateremka na abiria wanne na magunia matatu ya mbaazi. Gia ilikuwa kwenye mbili. Kutoka kwenye njia ya vumbi upande wa kushoto ikatokea pikipiki iliyobeba godoro. Dereva wake, Abdulsalam, alikuwa amelifunga godoro ubavuni, limesimama kama ukuta kati yake na barabara. Hakuona kitu. Aliingia lami kana kwamba anaingia uani kwake.

Emerensiana alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Pikipiki ikaingia chini ya bampa. Godoro likaruka juu, likajigeuza hewani, likatua mtaroni. Maji ya rejeta yakamwagika yakitoa moshi. Gari likasimama pembezoni mwa barabara, juu kidogo ya korongo, limevunjika taa na pua, lakini limesimama kwa magurudumu manne.

Abiria walishuka na kutawanyika, kila mmoja na mzigo aliouweza; magunia ya mbaazi yakabaki ndani. Emerensiana akamkimbilia Abdulsalam. Mguu wake ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii, na mfupa ulionekana, mweupe, mdogo. Alikuwa akipiga kelele, na Emerensiana alishukuru kwa zile kelele. Pikapu iliyokuwa ikipita ikambeba kwenda hospitali.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilitokana na mkopo. Kila dereva wa Tanzania anajua kwamba ukimgonga mtu wa bodaboda husimami. Unakimbia moja kwa moja hadi polisi, unajisalimisha, ndipo unavuta pumzi. Emerensiana alijua. Lakini alijua pia kinachotokea kwa gari linaloachwa barabarani: betri inaondoka, matairi yanaondoka, redio inaondoka, mafuta yananyonywa kwa mpira. Gari lile lilikuwa bado si lake. Akakaa juu ya jiwe kulilinda, akawapigia polisi simu, akasubiri.

Simu za wengine zilikuwa na kasi zaidi. Ujumbe ulizunguka kwenye makundi ya vijiwe vya bodaboda: Abdulsalam kauawa na Noah Bonga, dereva yupo. Kabla ya dakika kumi na tano alisikia injini. Zilikuja kama nyuki, thelathini, labda arobaini, wawili wawili juu ya pikipiki moja, honi zikilia mfululizo.

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa! Mama Gia huyu hapa!"

"Umeua, umekaa unachezea simu?"

"Hajafa," alisema Emerensiana. "Wamempeleka hospitali, hajafa, alikuwa anapiga ke—"

Kofi la kwanza lilimkata neno. La pili hakuliona lilikotoka. Mtu alimkamata nywele kwa nyuma, akamvuta chini, na lami ikamchuna magoti. Mateke yalikuja mbavuni. Aliinua mkono wa kushoto kukinga uso, na kitu kigumu kikaushukia, akasikia mkono wake ukivunjika kabla ya kuhisi maumivu, sauti kavu kama ya kuni. Aliangalia juu. Aliyeshika helmeti alikuwa kijana anayemjua. Aliitwa Tariq. Alikuwa akimbebea magunia kila siku ya mnada, na zamani alikuwa kondakta kwenye gari lake kwa miezi miwili. Alimwita mama. Helmeti ilikuwa nyekundu, ina stika ya simba. Ilishuka tena, jichoni, na tena, mdomoni. Damu ilikuwa ya chumvi na ya moto.

Aliyemwokoa ni Mwanaharusi, mwenye duka la pale kando, mwanamke mnene wa miaka sitini, shangazi wa Abdulsalam mwenyewe. Aliingia katikati ya wale vijana akiwa na ufagio wa chelewa, akiwachapa nao usoni, akipiga kelele kwamba mtu asimuue mtu mbele ya duka lake. Alimburuta Emerensiana kwa gauni hadi ndani, akashusha mlango wa chuma, akaukalia kwa ndani kwa uzito wake wote.

Kupitia uwazi wa chini ya mlango Emerensiana aliona miguu. Aliona mawe yakiokotwa. Alisikia kioo cha mbele, kisha vya pembeni, kisha paa likibonyea. Walilipiga gari kama walivyompiga yeye, kwa zamu, wakihema. Kisha sauti moja ikasema, "Korongoni! Korongoni!" na nyingine ikahesabu, "Moja, mbili, tatu!" Magurudumu yakasogea taratibu kwenye changarawe. Kimya kidogo. Halafu mshindo, na mwingine, na mwingine wa mbali zaidi chini, na sauti ya chuma kikijikunja.

Simu ya Mwanaharusi ikalia. Alipokea, akasikiliza, akaanza kulia na kucheka pamoja. "Ni Abdulsalam," alisema. "Anauliza godoro lake nani kachukua."

Polisi walipofika, kila mtu aliyekuwepo alikuwa amefika baada ya tukio.

Amedeus wa kampuni ya mikopo alimtembelea hospitali siku ya pili. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye viatu vya ncha kali, na alikuja na machungwa.

"Pole sana Mama Devotha. Gari nimeliona. Lile limekufa."

"Kwa hiyo?"

Amedeus alisogeza kiti karibu. "Likihesabika kwamba limekufa kwa ajali, bima inatulipa sisi moja kwa moja. Deni linafutika. Hati yako ya kiwanja unarudishiwa, gari huna, lakini nyumba unayo."

"Na wakisema vijana ndio waliolisukuma?"

"Hiyo ni ghasia. Bima yako haina ghasia, mama. Wakala alikuuliza kama uongezewe."

Emerensiana alikumbuka. Ilikuwa nyongeza ndogo tu. Alicheka akamwambia wakala, "Babati kuna ghasia gani?"

"Basi watalipa taa, bampa na rejeta," alisema Amedeus. "Yaliyobaki unatudai... samahani, tunakudai wewe. Miezi kumi na saba. Ukishindwa, kiwanja." Alimenya chungwa, akaliweka kwenye sahani. "Mimi sikwambii useme nini. Nakwambia tu kwamba mkaguzi wa bima anakuja Jumatatu."

Ndiyo maana jioni ya siku ya nne Emerensiana aliwafungulia mlango.

Walikaa. Makochi ya mtu mmoja yalikuwa mawili na viti vinne vya plastiki, kwa hiyo Tariq alibaki amesimama karibu na kabati. Rehani, mwenyekiti wa kijiwe, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizopakwa hina, aliweka sukari karibu na mguu wa meza.

"Shikamoo mama," walisema vijana.

Hakuitika. Devotha aliingia na birika, vikombe na maandazi, akavigonga juu ya meza kwa nguvu hadi vikaruka.

"Pole sana kwa matatizo, Mama Devotha," alisema Rehani.

"Asante."

"Ni mambo ya barabarani. Mungu ameepusha."

"Ameepusha nini?"

Rehani alikohoa. Alikunywa chai, akasifu chai, akasema Abdulsalam amewekewa chuma mguuni na anasalimia. Kisha akasogea mbele kwenye kochi.

"Sasa mama, sisi tumekaa kama kijiwe. Tukaona jambo hili tulimalize kiungwana. Wewe ulikuwa unateremka, kijana akaingia barabarani, ukamkwepa, ukamgusa, gari likaenda moja kwa moja korongoni na wewe ukiwa ndani. Ukaumia humo. Vijana wakateremka wakakutoa. Ndivyo tutakavyosema sote, polisi na kwa bima. Wewe unapata haki yako, na vijana hawaendi jela. Hakuna anayepoteza."

Emerensiana aliona jinsi mambo yalivyojipanga: aliyepigwa na waliompiga walihitaji uongo uleule, na uongo wenyewe ulikuwa mzuri, hauna tundu. Ilibaki kuumeza tu.

"Nitasema hivyo," alisema.

Watu sita walishusha pumzi. Damasi, yule wa sabuni, alichukua andazi.

"Weka andazi," alisema Emerensiana. "Kabla sijaingia kwenye uongo wenu, nataka ukweli humu ndani. Mlango umefungwa. Kila mmoja aniambie alinifanya nini. Nikishasikia, nitasema mnachotaka. Anza wewe, Rehani."

"Mimi? Mimi nilifika kuamua ugomvi, mama."

"Damasi?"

"Wallahi... samahani, haki ya Mungu, mimi pia nilikuja kuamua. Nilikuwa nawavuta."

"Ombeni?"

"Nilifika mwishoni. Nikakuta mnaamuliwa."

"Tunaamuliwa! Mimi na nani?"

Wawili waliofuata walisema walikuja kuamua. Mmoja aliongeza kwamba aliumia bega katika kuamua.

"Kumbe waamuzi walikuwa watano," alisema Emerensiana, na pengo la meno likaifanya sauti yake kupuliza. "Basi mkono huu umevunjwa na upepo. Devotha, njoo uone watu wema. Njoo uone walionipigania."

"Mimi nilikupiga kwa helmeti," alisema Tariq.

Wote waligeuka.

"Kaa kimya wewe," alisema Rehani kwa sauti ya chini.

"Mara mbili," alisema Tariq.

"Tatu," alisema Emerensiana.

Tariq alifikiri. Midomo yake ilitikisika kama anayehesabu. "Tatu. Na nywele nilizivuta mimi. Nilidhani Abdulsalam amekufa, mama. Nimekua naye. Nilipokuona umekaa juu ya jiwe, mzima, nikaona..." Aliacha. "Kioo cha mbele pia ni mimi. Ndicho kilichonikata."

Emerensiana alimtazama kwa muda mrefu kwa jicho lake moja. Alitaka sana asiwe yeye aliyesema. Angekuwa yeyote kati ya wale watano, chuki yake ingekaa vizuri mahali pake.

"Basi utakuwa wewe," alisema. "Jumatatu utakuja korongoni. Wewe ndiye uliyenitoa ndani ya gari. Utasimama mbele ya mkaguzi useme ulivyoniokoa. Kwa mdomo wako. Sasa malizeni chai, muende."

Mkaguzi wa bima alifika kutoka Arusha Jumapili. Jumatatu saa tatu alikuwa Bonga, amevaa buti za mpira, mtu mfupi aitwaye Melkiori, mwenye fimbo aliyoitumia kupimia kila kitu. Aliteremka korongoni kama mbuzi. Emerensiana alishuka akishikwa na Amedeus. Rehani na Tariq walifuata.

Gari lilikuwa limelala ubavu, paa limekutana na viti. Ndani mbaazi zilikuwa zimeota kidogo kutokana na mvua ya Ijumaa, machipukizi ya kijani kwenye kapeti. Emerensiana alitazama kando.

"Hili limekufa," alisema Melkiori baada ya kuzunguka mara moja. "Hakuna ubishi. Swali ni limekufaje."

"Ajali," alisema Amedeus.

"Ajali iko pale juu, kijana. Nimeiona. Vioo vya taa viko juu, maji ya rejeta yamechora juu." Aliingiza fimbo kwenye kiti cha nyuma, akagonga kitu. "Na jiwe hili?"

"Korongo lina mawe mengi, mzee," alisema Rehani.

"Kweli. Ila huwa yanakaa nje." Alipiga picha. Akalala kifudifudi kwenye vumbi, akaingiza kichwa dirishani, akakaa humo kwa muda. Alipotoka alijikung'uta. "Mama, mjini wanakuitaje?"

Emerensiana aliishika plasta kwa mkono wake mzima.

"Jana nilikunywa chai stendi. Nikauliza habari zako. Nimesimuliwa na madereva wanne, na wote wamenisimulia jambo moja. Kwamba wewe ukiteremka hapa unashusha gia hadi abiria wanakasirika. Hujawahi kuweka huru." Alielekeza fimbo ndani ya gari. "Gia iko N, huru."

Upepo ulipita korongoni, ukatikisa kipande cha kioo kilichoning'inia.

"Labda ilisogea wakati gari linapinduka," alisema Amedeus.

"Gia ya gari hili haisogei bila kukanyaga breki na kubonyeza kitufe. Mtu aliiweka. Mama, uliweka huru siku ile?"

Angesema ndiyo, uongo ungesimama, lakini dereva anayeteremka huru kwa makusudi ni mzembe, na mzembe bima haimlipi. Angesema hapana, basi aliiweka nani? Alifungua mdomo bila kujua litatoka lipi.

"Siku ile..." alisema.

"Ngoja kwanza." Melkiori alimgeukia Tariq. "Wewe ndiye uliyemtoa? Alikuwa amekaaje? Mkanda ulikuwa umefungwa?"

Tariq aliangalia gari. Alimwangalia Rehani, ambaye alikuwa akimkazia macho kama mtu anayebana mlango. Kisha akamwangalia Emerensiana, na Emerensiana akaona usoni mwake jambo linalokuja. Akatikisa kichwa. Hapana. Usithubutu.

"Hakuwemo," alisema Tariq.

"Tariq!" alifoka Rehani.

"Hakuwemo ndani. Alikuwa dukani, tumeshampiga. Gia niliweka mimi ili lisukumike. Niliwahi kuwa kondakta wake, najua gari lile. Huyu mama hawezi kuweka huru. Hata angekuwa anakufa."

Emerensiana hakujua kwamba amemwendea. Alijikuta tu mbele yake na plasta ikiwa hewani. Alimpiga nayo usoni, akasikia pua ikivunjika chini ya plasta. Akampiga tena, na maumivu yake mwenyewe yalipanda hadi shingoni, akapiga juu ya maumivu. "Nani amekuuliza!" alipiga kelele. "Nani amekutuma useme! Nyumba yangu! Nyumba ya mume wangu!" Alimpiga teke, akampiga kwa mkono mzima, akamng'ata kidole alipojaribu kumshika. Tariq alipiga magoti kwenye mawe. Hakujikinga. Damu yake ilidondoka juu ya mbaazi zilizomwagika. Ilichukua Amedeus na Rehani wote wawili kumwondoa, na Amedeus alipoteza kiatu kimoja.

Melkiori alisubiri hadi wakatulia. Kisha akaandika.

"Nitalipia sehemu ya mbele," alisema bila kumtazama. "Taa, bampa, rejeta, boneti. Yaliyobaki ni ghasia, mama, na ghasia haimo. Mdai yeye."

Wiki iliyofuata polisi walimwita aandikishe maelezo. Askari alikuwa na kalamu tayari. "Mtu amejitaja mwenyewe mbele ya mashahidi," alisema. "Weka saini yako, leo hii tunamkamata." Emerensiana aliichukua kalamu. Aliwaza Tariq akiwa ndani, miaka mitatu au mitano, amekaa bure, anakula chakula cha serikali. Kisha aliwaza rejesho la mwisho wa mwezi. Akaomba muda.

Jioni ile ile Tariq alikuja Bagara, pua imevimba, akienda kwa miguu huku akisukuma pikipiki. Alikuwa ameichukua kwa mkataba wa mwaka mmoja kutoka kwa tajiri wa mjini, na mkataba ulikuwa umeisha mwezi uliopita. Kadi sasa ilikuwa na jina lake mwenyewe. Aliiweka kadi mezani pamoja na ufunguo.

"Sitaki kuiona," alisema Emerensiana. "Nikiiuza hainifikishi popote."

"Usiuze. Iwe yako. Mimi nitakuwa dereva wako. Nitaleta pesa za hesabu kila jioni mpaka deni liishe."

"Na ukikimbia?"

"Saini bado hujaweka," alisema Tariq.

Ndivyo ilivyokuwa. Mabaki ya Noah yalinunuliwa na muuza spea, pesa za bima za taa na bampa zikaingia kwa kampuni, na Emerensiana akarudi stendi kupika kwa mkono mmoja, Devotha akimsaidia kabla na baada ya shule. Kila siku saa kumi na mbili jioni pikipiki ilisimama nje. Tariq aliingia, akavua helmeti, akasema, "Shikamoo mama," akaweka hesabu mezani. Emerensiana alisema, "Weka hapo." Marahaba hakuitoa. Siku ishirini na sita mfululizo ile helmeti nyekundu yenye stika ya simba ilikaa juu ya meza yake kwa dakika mbili, na kila mara ulimi wake ulikwenda kwenye pengo.

Siku ya ishirini na saba ilinyesha, na hakuja. Saa kumi na mbili na nusu ikapita. Saa moja. Emerensiana alisimama mlangoni akaangalia barabara. Aligundua kwamba anatega sikio, na si kwa injini. Alikuwa akisikiliza honi, zile honi nyingi za mfululizo, za watu wanaokwenda pamoja mahali ambapo mwenzao amelala barabarani.

Alikuja saa moja na robo, tope hadi shingoni. Alikuwa ameteleza kwenye tuta. Hesabu ilikuwa imelowa lakini imetimia, na kwa siku ile rejesho la mwezi lilikuwa limetimia pia. Kiwanja kilikuwa chake kwa siku thelathini nyingine.

"Shikamoo mama."

"Umeumia?"

Tariq alishtuka. "Kidogo. Goti."

"Kesho nunua helmeti nyingine. Toa kwenye hesabu. Hii iache."

Aliiacha, akaondoka kichwa wazi. Emerensiana aliichukua kwa mkono wake mzima, akatoka nayo uani kwenye mvua, akaiweka juu ya jiwe la kufulia. Akaingia jikoni, akarudi na mchi. Devotha alisimama mlangoni akiwa na taa.

Alipiga mara moja, na ufa ukaingia. Mara mbili, simba akagawanyika. Mara tatu.

"Mama, imeshavunjika," alisema Devotha.

"Najua," alisema Emerensiana, akainua mchi tena.